Fundi Anajibu: Usilipe tete mupya kabla sijaona disiki

Wiki mbili hizi meza yangu hapa Kadutu, Bukavu, imejaa malekteri ya Blu-ray, sijui yametokea wapi yote mara moja, nazani ni wale wanaorudi Dubai na wazungu wa mashirika wanaouza vitu vyao kabla ya kurudi kwao, na karibu kila mwenye kuleta anaanza na neno moja tu: "fundi, tete imekufa." Tete ni lile jicho la kusomea disiki. Watu tulizoea lekteri ya DVD, ile kweli ikianza kuruka-ruka unafungua, unapangusa tete na pamba, ikikataa unabadilisha, kazi imeisha. Blu-ray haiko vile. Ile ni ordinatere nzima imefichwa ndani ya sanduku ya lekteri, na disiki yenyewe ni programu, kwa hiyo pane nyingi ziko kwenye mazungumuzo yao wawili, haziko kwenye tete. Nimechagua barua sita, zingine nimezikata juu zilikuwa ndefu kama misa ya Pasaka.

Jambo sana papa fundi. Niko na ka sale ka video huku Panzi. Shemeji alinitumia lekteri ya Blu-ray toka Dubai, mwaka muzima imecheza bila shida. Sasa kuna disiki mupya nimepata, naingiza, inazunguka, kwenye tele kanakuja kaduara, kanazunguka, kanazunguka, dakika kumi, watu wamekaa wananiangalia tu, hakuna kitu. Nikiweka zile za zamani zinacheza. Fundi moja aliniambia tete imekufa, anaomba dola 35. Nitoe ao nisitoe? Mama wa sale ya video, Panzi

Usitoe mama, weka hiyo dola 35 kwenye sanduku yako. Tete yenye kufa haichague disiki, ingekusumbua na zile za zamani pia. Ila uniambie kitu kimoja: hizo za zamani zinazocheza ni Blu-ray kweli ao ni DVD? Juu ndani ya tete kuna mwanga wa aina mbalimbali, DVD inasomwa na mwanga mwekundu wa nanometa 650, Blu-ray na ule wa buluu-zambarau wa nanometa 405, na ule wa buluu unaweza kufa peke yake, unabaki unacheza DVD na unafikiri lekteri iko muzima. Kama ni Blu-ray zinacheza na ile moja tu inagoma, basi tete iko sawa.

Sasa angalia kinachofanyika kwenye hiyo dakika kumi. Disiki ya Blu-ray imefungwa na kufuli inaitwa AACS. Lekteri yako ilitoka kiwandani na funguo zake, na kila disiki mupya inakuja na liste ya kusema funguo zipi bado zinakubaliwa. Juu ya hiyo, disiki ingine inabeba kinga ingine, na menyu yenyewe imeandikwa kwa Java, sawa na programu ya simu ya kitambo. Fimuweya, ile programu inayolala ndani ya lekteri, ikiwa ya zamani kuliko disiki, inasoma maandishi ambayo haikufundishwa, inabaki inafikiri. Si lekteri yako tu, mama. Mwezi wa 10 mwaka 2007 kampuni ya filamu 20th Century Fox ilitoa disiki zake za kwanza zenye kinga ya BD+, na kuna malekteri ya Samsung na ya LG yaliyokataa kuzicheza, watu waliyanunua kwa pesa mingi na wakabaki wanangojea fimuweya mupya.

Kabla ya fimuweya jaribu vitu viwili vya bure. Ingia kwenye settings utafute BD-Live, izime. Hiyo ni kazi ya disiki kutafuta intaneti ili ilete matangazo na vitu vingine, na huku Panzi bila intaneti inangoja jibu ambalo halitakuja. Kisha tafuta panapoandikwa BD data, futa yote, kale kamemori kakijaa disiki mupya inakosa pa kuandika mambo yake na inakwama. Malekteri mengine hayana memori ya ndani kabisa, yanataka uweke kle ya USB nyuma, na iwe ya 1 GB kwenda juu. Zima, chomoa kwenye prize dakika mbili, washa, ingiza disiki. Ikigoma tena njo tutaongea mizajuru, yaani kuweka fimuweya mupya, soma jibu la papa wa Bagira hapa chini kabla haujagusa kitu.

Mambo Ya fundi? Kuna mzungu alikuwa anahama hapa Goma, akaniuzia katoni ya disiki 23 kwa dola 20, zote ziko kwa makava mekundu yameandikwa HD DVD. Nikaona ni HD, sawa na Blu-ray. Lekteri yangu inazisoma sekunde tano inaandika haitambui disiki. Nifanye mizajuru ili ijue kuzisoma? Kijana wa Himbi, Goma

Hapana mudogo wangu, hapo mizajuru haitasaidia hata ufanye mia. Umenunua majeshi ya upande ulioshindwa vita.

Nikueleze juu najua wengi mtapitia hapo. Mwaka 2006 makampuni yaligawanyika mara mbili. Toshiba na watu wake walitoa HD DVD, lekteri ya kwanza iliingia Marekani mwezi wa 4 kwa dola 499. Sony, Panasonic, Samsung na wengine walikuwa upande wa Blu-ray, lekteri ya kwanza kule ilikuwa ya Samsung, mwezi wa 6, dola 999, mara mbili ya beyi. Zote mbili zinatumia mwanga ule ule wa nanometa 405, njo maana watu wanachanganya. Tofauti iko kwenye ngozi ya disiki. Shika Blu-ray uiangalie kwa ubavu: habari yake imeandikwa milimita 0.1 tu chini ya uso, karibu uiguse na kucha. HD DVD imeandikwa milimita 0.6 ndani, sawa na DVD ya kawaida. Lensi yenye kutengenezwa kwa kuona ya karibu haiwezi kuona ya mbali, ni kama kuvaa mayani ya jirani. Kwa kila tabaka Blu-ray inabeba GB 25, HD DVD GB 15.

Hapa nitasema langu ambalo linakasirishaka watu: HD DVD ilikuwa imeiva zaidi. Sheria yao ilitaka kila lekteri iwe na tundu ya intaneti toka siku ya kwanza, na disiki zao hazikuwa na kodi ya eneo, ile code ya kufungia disiki kwa sehemu moja ya dunia, unanunua popote unacheza popote, jambo ambalo kwa watu kama sisi tunaopata vitu toka pande nne za dunia lingekuwa baraka. Si kusema ilikuwa malaika, lekteri ya kwanza ya Toshiba ndani ilikuwa ordinatere kabisa, na Pentium 4 na Linux, ilichukua karibu dakika moja kuwaka, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi. Lakini Blu-ray waliuza bugali mubichi. Malekteri yao ya kwanza yalikuwa ya profile 1.0, yaani ngazi ya chini ya uwezo, bila intaneti, bila uwezo wa kuonyesha kadirisha ka pili ndani ya picha, mpaka tarehe 1/11/2007 njo walilazimisha malekteri mapya yawe 1.1, kisha ikaja 2.0 yenye BD-Live. Ile ya Samsung ya dola 999 ilitoka na picha yenye ukungu, watu wakalaumu macho yao, kumbe ni kachip ka kupunguza chembe-chembe za picha kaliachwa kamewashwa kiwandani, fimuweya ikakazima, picha ikanyooka.

Na bado wakashinda. PlayStation 3 ilipeleka Blu-ray kwenye nyumba za watu ambao hawakuiomba hata. Tarehe 4/1/2008 Warner ilitangaza inaacha HD DVD, na tarehe 19/2/2008 Toshiba ikasema yaishe. Mwaka uliofuata Toshiba yenyewe ikaanza kuuza malekteri ya Blu-ray, mutu anaoa binti wa aliyemupiga.

Basi na katoni yako? Angalia kila disiki kwa nyuma. Kama hakuna picha upande wowote, pande zote mbili zinang'aa na maandishi madogo yako katikati tu kuzunguka tundu, hiyo ni combo, upande mumoja ni HD DVD, wa pili ni DVD ya kawaida. Geuza, cheza DVD. Ikikataa hapo pia inaweza kuwa ni kodi ya region 1 ya Marekani. Zingine zinataka lekteri ya HD DVD yenyewe ama zile chache zilizosoma zote mbili, kama BH100 ya LG ya mwaka 2007, na ukiipata Goma uniite nije nipige nayo picha. Ujue pia kwamba disiki nyingi za HD DVD, sana zile za Warner, zinaoza ndani hata zikikaa kwenye kava safi, haionekane kwa macho, inaanza kukwama mwishoni mwa filamu na siku moja inakataa kabisa. Kwa hiyo usiende kuagiza lekteri ya dola mia juu ya katoni ya dola 20.

Fundi mimi nimejiua mwenyewe. Saa mbili usiku lekteri iliniandikia kuna mizajuru, nikakubali, ikafika asilimia 60 kuranti ikakatika. Iliporudi lekteri inawasha kataa kekundu tu, hakuna picha, haifungue hata mulango, na disiki ya mutoto iko ndani. Papa wa Bagira

Pole papa. Usione haya, hata mimi yalinipata, na haikuwa ya kwangu, ilikuwa ya mukubwa mumoja wa Nyawera. Niliiunga kwa stabilizateri nikajiona mwerevu, nikasahau kwamba stabilizateri haitunze umeme, inaunyoosha tu, kuranti ilipoenda na yenyewe ikaenda. Nilikaa nimeshika telekomande kama mutu aliyeshika mukono wa mugonjwa. Nilimulipa nusu ya beyi, na ile lekteri iko hapa kwenye kisanduku, natoa ndani yake vis na waya.

Kinachofanyika ni hivi: wakati wa mizajuru lekteri inafuta akili ya zamani na kuandika mupya mahali pale pale. Ukikata katikati, nusu ni ya zamani, nusu haipo. Mengine yana kapande kadogo ambako hakaguswe, kanaamka kanatafuta kle ya USB. Jaribu hivi: chomoa usiku muzima. Asubuyi uweke kle yenye fimuweya ya modeli ile ile, kisha unganisha kwenye prize, ungoje dakika 15 bila kugusa kitu. Ikianza kuwaka-waka taa, umepona. Isipofanya kitu, ni kutoa memori ya kadi na kuiandika upya kwa mashini, na beyi ya hiyo kazi ni karibu ya lekteri ingine, sitakudanganya. Disiki ya mutoto nayo tunaitoa: kwa chini ya lekteri mara nyingi kuna katundu kadogo ama kapengo, unasukuma polepole na waya ya klipu iliyonyooshwa, mulango unatoka. Kama haiko unafungua vis nne za juu na kuzungusha gia nyeupe kwa kidole, iwe imechomolewa kwenye prize tafazali.

Kwa wengine wote, mizajuru huku kwetu ifanyike hivi. Soma modeli nyuma ya lekteri herufi kwa herufi, juu lekteri ya Ulaya na ya Marekani zinafanana sura na fimuweya si moja. Pakua kwenye site ya kampuni yenyewe, kwa simu ao kwa ordinatere ya cyber, usikubali file ya "fundi mumoja alinitumia". Kle ipangwe (formatter) kwa mtindo wa FAT32, ikiwa tupu, file isibadilishwe jina hata kama jina ni la ajabu, na kama ilikuja kwa zip uifungue kwanza. Toa disiki ndani. Kuranti iwe ya inverter na batri ama gurupu yenye mafuta ya kutosha, na si saa ambayo kartie nzima inapika kwa rechaud. Na usifanye kabisa kama hakuna disiki inayokusumbua. Hapo tunabishana na vijana kila siku, wao wanasema mupya ni muzuri siku zote. Mwezi wa 7 mwaka 2008 Sony ilitoa fimuweya 2.40 ya PlayStation 3, mashini za watu wengine zikakataa kuwaka, wakaiondoa haraka na kutoa 2.41. Na mwezi wa 6 mwaka 2020 malekteri ya Samsung yalianza kuwaka na kuzimika yenyewe bila kuacha, mwenyewe hajagusa kitu, yalikuwa tu yameungwa kwenye intaneti, yakapakua kafile kamoja kabovu toka kwa server, kila yakiwaka yanakasoma, yanaanguka, yanawaka tena. Watu walilazimika kuyarudisha kwa kampuni. Tangu siku hiyo ya kwangu haina waya ya intaneti.

Fundi, niko Kamalondo, Lubumbashi. Lekteri yangu ilikuwa inacheza filamu kwa kle muzuri sana. Nimefanya mizajuru, sasa filamu ikifika dakika kama 20 sauti inakatika, picha inaendelea, inaandika message code 3. Bafle zangu ziko muzima nimejaribu. Nirudishe ile fimuweya ya zamani namna gani?

Bafle hazina kosa kaka, hata kabuli. Hiyo inaitwa Cinavia. Ndani ya sauti ya filamu, si pembeni, ndani kabisa, wameficha alama ambayo sikio haisikie. Mutu akinakili filamu, akiifinya iwe ndogo, hata akiirekodi na kamera ndani ya sinema, alama inabaki. Lekteri inasikiliza, ikikuta alama inasema sauti hii haikupaswa kuwa kwenye kle, inanyamazisha. Toka mwezi wa 2 mwaka 2012 kila lekteri mupya ya Blu-ray inayopewa leseni lazima iwe nayo, na za zamani zingine ziliipata kwa njia ya mizajuru, kama yako. Kurudi nyuma malekteri mengi yanakataa, yanalinganisha namba na kusema unayo mupya zaidi. Dawa ya kuitoa siuze, usinitumie ujumbe. Kama ni disiki orijinali uliyonunua njo inanyamaza, hapo ni pane ingine, lete.

Disiki toka kwa dada yangu Marekani inaandika region haikubaliwi, na mizajuru nimefanya mara mbili. Uvira

Mizajuru haihusiki. Marekani ni A, Afrika na Ulaya na Dubai ni B, China ni C, na lekteri yako bila shaka ni B. Si disiki zote zimefungwa, geuza kava uangalie ka alama ka A, B, C ndani ya kaumbo ka pembe sita, kama ziko zote tatu inacheza popote. Mwambie dada atume za 4K, zile za picha kali kupita Blu-ray ya kawaida, kama uko na lekteri yake, zile hazina kodi ya eneo.

Bonjour fundi. Nina lekteri ya 4K, disiki ni orijinali, mupya, na kila mara inakwama saa 1 na dakika 12, pale pale. Nimepangusa na shati. Mizajuru iko. Ni nini? Muhumba

Hiyo shati njo tuanze nayo. Disiki za 4K zilianza kuuzwa mwaka 2016, kubwa kabisa inabeba GB 100 kwenye tabaka tatu zilizolaliana, na tete lazima iruke toka tabaka moja kwenda ingine bila kupotea. Alama ya kidole ambayo DVD isingeiona, hapa inakuwa mulima. Ikikwama, angalia kale kasaa kwenye uso wa lekteri, si kwenye tele. Kama picha imekuwa nyeusi na kasaa kanaendelea kuhesabu, disiki iko sawa, ni kabuli ya HDMI ao tele, badilisha kabuli, ama uzime ile 24 Hz (kutuma picha 24 kwa sekunde) kwenye settings. Kama na kasaa kamesimama, ni kusoma. Kwako kukwama pale pale kila mara kunaonyesha ni kusoma.

Njoo nayo kwa taa ya simu. Ilaze disiki uangalie upande unaong'aa kwa kuinamisha, utaona ukungu kama wa pumuzi, mara ingine tunaukuta kwa disiki yenye kutoka kwa nailoni siku hiyo hiyo, ni mafuta ya kiwandani. Kitambaa cha kupangusa mayani, maji kidogo na tone la sabuni ya vyombo, toka katikati kwenda nje, moja kwa moja, usizungushe kama unavyopangusa sahani. Shati ina vumbi ya barabara yetu, na ile ngozi ni ya milimita 0.1, unakumbuka. Ikauke, jaribu. Ikikwama tena saa 1 na dakika 12, ijaribu kwa lekteri ya mutu mwingine. Ikikwama na kule, ilitoka mbovu kiwandani, rudisha pale uliponunua na usiache wakubadilishie lekteri. Ikicheza kule, lete lekteri yako alhamisi, juu jumatano niko nangojea kuranti.